Mtambo wa Kugeuza Maganda ya Korosho kuwa Gesi: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja Newala

Mtambo ninaoutathmini hapa ni ule unaouzwa kwa vikundi vya wabanguaji wa korosho katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa maelezo kwamba hugeuza maganda kuwa gesi safi ya kuwashia boila na oveni bila moshi na bila kuni. Kikundi ninachokihudumia kama fundi, kilichopo wilayani Newala, kiliununua kabla ya msimu uliopita, na umefanya kazi tangu korosho za kwanza zilipopokelewa ghalani hadi mvua kubwa zilipokolea. Muuzaji sitamtaja, kwa kuwa mitambo ya aina hii huunganishwa na karakana zaidi ya moja na kasoro nitakazozieleza hazihusu karakana moja peke yake. Kwa msomaji asiye na muda, hukumu yangu ni hii: kwa kazi ya joto mtambo unafaa na ningeshauri ununuliwe, kwa kuendesha jenereta haufai kama ulivyo, na sehemu yake iliyo ghali na dhaifu kuliko zote ni ile ambayo muuzaji huizungumzia kwa sentensi moja tu, yaani kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemia bila chenyewe kuliwa.

Tuanze na maganda. Katika korosho ghafi ganda huchukua takriban asilimia 65 hadi 70 ya uzito, kwa hiyo kikundi kinachobangua tani moja hubaki na karibu kilo 700 za kitu ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kero: mifugo haikili, hakiozi upesi, na kikichomwa ovyo hutoa moshi mzito unaowasha macho na kukereketa koo. Chanzo cha moshi huo ni mafuta yaliyomo ndani ya ganda, ambayo hufikia karibu robo ya uzito wake na ambayo kila mama aliyewahi kubangua kwa mkono anayajua kwa jinsi yanavyobabua vidole. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mkoa huu unatoa gesi asilia Mnazi Bay, na kuisafirisha kwa bomba hadi Dar es Salaam kupitia kituo cha kusafishia cha Madimba tangu mwaka 2015, huku viwanda vyake vidogo vikiendelea kutegemea kuni. Lakini bomba hilo halipandi uwanda wa Makonde, ilipo Newala, na kikundi cha wabanguaji hakina uwezo wa kulijengea tawi. Kwa hiyo wazo la kupata gesi kutokana na takataka iliyopo uani ni wazo zuri, na nilitaka lifanikiwe.

Utaratibu wa mtambo si mgumu kuuelewa. Maganda humiminwa kwa juu katika tanuri la chuma lililojengewa ndani matofali ya kuhimili moto, kifuniko hufungwa, na blowa huingiza hewa kidogo tu, takriban robo hadi theluthi ya hewa ambayo ingehitajika kuyateketeza kabisa. Kwa kuwa hewa haitoshi, maganda hayateketei bali hugeuka kuwa makaa na gesi, na kwa kuwa mkondo wote hushuka chini, gesi hulazimika kupita katika tabaka la makaa mekundu yenye joto la nyuzi 900 au zaidi kabla ya kutoka. Kinachotoka huwa na kaboni monoksidi kati ya asilimia 15 na 25, haidrojeni kati ya asilimia 10 na 20, methani kidogo na kaboni dioksidi, huku karibu nusu yake ikiwa ni naitrojeni iliyoingia na hewa, ambayo haiwaki. Ndiyo maana meta moja ya ujazo ya gesi hii hubeba megajuli 4 hadi 6 tu za nishati, wakati gesi asilia hubeba zaidi ya 35. Tofauti hiyo si kasoro ya mtambo, lakini mteja anastahili kuelezwa mapema, kwa sababu kichomeo cha jiko la gesi ya mtungi hakitumiki hapa. Matundu yake ni membamba mno, na gesi dhaifu kama hii huhitaji kichomeo chenye njia pana.

Katika kazi ya joto sina malalamiko makubwa. Mtambo wetu uliuzwa kama wa kilowati 100 za joto, na kwa kuwa kilo moja ya maganda makavu hutoa meta za ujazo kama mbili hadi mbili na nusu za gesi, hesabu inaonyesha kwamba ukiwa na mzigo kamili unakula takriban kilo 24 hadi 45 kwa saa, kiasi ambacho kikundi kinachobangua kila siku hakiwezi kukikosa. Boila ya kuivishia korosho ghafi kwa mvuke hupanda joto bila mtu kukaa mlangoni akichochea. Oveni ya kukaushia punje hubaki katika nyuzi 70 hivi kwa kurekebisha valvu moja, na punje hazitoki zikiwa zimeungua upande mmoja wala kunuka moshi, jambo ambalo wanunuzi wa korosho karanga hulikagua kabla ya jambo lolote. Bomba la moshi la boila, ambalo zamani lilionekana kutoka barabarani, sasa hutoa hewa ya joto tu wakati mambo yako sawa.

Wakati mambo yako sawa, nasema, kwa sababu adui wa kila mtambo wa namna hii ni lami. Maganda yanapopashwa joto hutoa mvuke wa kemikali nzito, na mvuke huo ukipoa ndani ya mabomba huganda na kuwa uji mweusi unaonata, unaoziba valvu na kukwamisha mapanga ya blowa. Mitambo mingi ya bei nafuu huiondoa lami kwa kuiosha gesi kwa maji. Njia hiyo inafanya kazi, ila huacha pipa baada ya pipa la maji meusi yenye fenoli, kemikali ya sumu, ambayo kwa maganda ya korosho ni machafu kupita kiasi, na sijaona kikundi chenye mahali halali pa kuyamwaga. Mtambo huu una njia bora zaidi, na hii ndiyo sababu ya msingi ya kuupendelea: baada ya kitenganisha vumbi, gesi ikiwa bado ya moto hupitishwa kwenye chumba chenye vichocheo, ambamo lami huvunjwavunjwa na kuwa kaboni monoksidi na haidrojeni. Hakuna maji machafu, na nishati iliyokuwa imefungwa ndani ya lami hurudi kwenye gesi badala ya kupotea.

Chumba hicho kina tabaka mbili. Ya kwanza ni ya dolomaiti, jiwe la kalisi na magnesi lililochomwa kwanza hadi likatoa kaboni dioksidi yake yote. Kazi yake ni kuvunja sehemu kubwa ya lami na kuikinga tabaka inayofuata. Ya pili ni kikapu cha chuma chenye vidonge vya alumina vilivyopakwa nikeli, metali ambayo viwanda vya mbolea na vya kusafisha mafuta huitumia kwa kazi ya aina hiyo hiyo, na ambayo huondoa hata mabaki ya lami yaliyoishinda dolomaiti. Muuzaji huwaambia wateja kwamba vichocheo hivi havihitaji kununuliwa tena, kwa kuwa kemia inafundisha kwamba kichocheo hakiliwi katika mmenyuko. Kwamba hakiliwi ni kweli kabisa, lakini haifuati kwamba hakifi.

Dolomaiti hufa kwa njia mbili. Ikiwa joto la chumba litashuka chini ya nyuzi 750 au karibu na hapo, hunyonya tena kaboni dioksidi iliyomo ndani ya gesi na kurudi kuwa jiwe lile la awali, lisilo na nguvu ya kuvunja lami. Na ikishapoa kabisa, hunyonya unyevu na kuumuka hadi ikapasuka na kuwa unga, kama chokaa iliyomwagiwa maji. Nikeli nayo hufunikwa na masizi, huzuiwa na salfa hata ikiwa kidogo sana, na ikipata joto kupita kiasi chembe zake ndogo huungana na kuwa kubwa, hivyo eneo la kufanyia kazi hupungua. Hapa ndipo penye kasoro halisi ya mtambo huu. Vichocheo vya namna hii vilibuniwa kwa ajili ya viwanda visivyozimwa. Mtambo maarufu wa gesi ya mbao wa Güssing nchini Austria, ambao ulitumia mchanga wa olivini kama kichocheo ndani ya tanuri lenyewe, ulifanya kazi mchana na usiku. Kikundi cha kubangua korosho huwasha asubuhi na kuzima jioni, na wakati wa masika hewa ya uwandani hujaa unyevu usiku kucha. Kila uzimaji ni kipigo kwa dolomaiti, na hakuna aliyetuambia.

Dalili zilianza katikati ya msimu. Mama anayesimamia zamu ya boila, ambaye hajui habari za nikeli lakini amekaa na moto maisha yake yote, aliniita akaniambia, "Fundi, moto wa leo si wake." Nilimwomba, "Subiri kidogo mama, usiongeze maganda," kisha nikainama kuchungulia kwenye kioo cha kichomeo: mwale uliokuwa wa buluu hafifu ulikuwa na ncha za rangi ya chungwa, na katikati ulicheza kama taa yenye utambi mbaya. Nilifungua koki ya kupimia na kushika kitambaa cheupe mbele ya gesi kwa muda mfupi. Kilipata duara la kahawia lenye harufu kali ya maganda, ambalo halikutoka kwa sabuni. Chumba kilipopoa na kufunguliwa, dolomaiti ilikuwa imeshuka hadi ukingo wa juu ukabaki mtupu, na sehemu ya chini ilikuwa unga mweupe uliokuwa ukiziba njia ya gesi. Vidonge vya nikeli vilikuwa vimevaa masizi yanayofutika kwa kidole chenye glavu.

Masizi yanaweza kuchomwa kwa kupitisha hewa kidogo sana ndani ya chumba chenye joto, polepole, huku jicho likiwa kwenye kipimajoto, na kwa njia hiyo nikeli ilirejea kwa sehemu. Dolomaiti ilibidi iagizwe, na hapo ndipo huduma baada ya mauzo ilipoonekana ilivyo: simu zilipokelewa kwa adabu, ahadi zilitolewa, na jiwe likachelewa hadi kikundi kikarudi kwenye kuni wakati msimu umepamba moto. Katika kungoja tulijaza chumba kwa chokaa ya mabonge kutoka tanuri moja la pwani. Chokaa nayo huvunja lami, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko dolomaiti, lakini ni laini mno. Iligeuka vumbi upesi na kuongeza kazi kwenye kitenganisha vumbi.

Suluhisho lililotufaa halimo katika kitabu cha muuzaji, ambacho kwa bahati mbaya kimeandikwa kwa Kiingereza cha kiwandani na hakuna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Makaa yenyewe ni kichocheo. Yakiwa na joto la nyuzi 800 na kuendelea, uso wake wenye vitundu vingi hunasa lami na kuivunja, na ingawa huliwa kidogo kidogo na mvuke na kaboni dioksidi, hayaumuki kwa unyevu wala hayana cha kupoteza yanapopoa. Tuliondoa mabaki ya dolomaiti na chokaa, tukaweka mkaa wa vifuu vya nazi, ambao ni mgumu na haubomoki ovyo, na tukaanza kuuongeza kila asubuhi kabla ya kuwasha. Vifuu havina bei kwa mtu wa pwani, na hata vikipakiwa kwenye gari la mizigo hadi Newala gharama yake haifanani na ya nikeli. Gesi haikuwa safi kama ilivyokuwa wiki za mwanzo, lakini kwa boila na oveni ilitosha, kwa sababu lami inayobaki ikiwa mvuke huungua pamoja na gesi mradi tu bomba kati ya tanuri na kichomeo ni fupi na limefungwa vizuri lisipoe.

Maganda pia yana masharti yake. Sharti la kwanza ni kukamuliwa mafuta kabla hayajaingia tanurini. Tulipoyatia yakiwa na mafuta yake yote, lami ilizidi uwezo wa kichocheo chochote, na kuyachoma mafuta ni hasara, kwani yana soko katika rangi, gundi na bitana za breki. Sharti la pili ni ukavu. Rundo lililonyeshewa mvua ya Desemba hushusha joto la tanuri, na joto likishuka kila kitu kinachofuata huharibika, kwa hiyo turubai nzuri ni sehemu ya mtambo hata kama haimo kwenye ankara. La tatu ni majivu. Maganda haya yana potasiamu, ambayo huyafanya majivu yayeyuke mapema na kushikamana kuwa mabonge magumu juu ya wavu wa chini. Mtambo una mkono wa kutikisia wavu, ila ni mfupi na upo upande wenye joto. Karakana yoyote ya mjini Mtwara inaweza kuurefusha kwa kazi ya asubuhi moja.

Kuhusu jenereta, tangazo linasema gesi hii "inaendesha injini yoyote". Injini za gesi ya kuni si ndoto, kwani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari mengi ya Ulaya yalibeba matanuri ya aina hii mgongoni kwa kukosa petroli, lakini madereva wake walikuwa wakisafisha vichujio kila mara. Injini hutaka lami isizidi takriban miligramu 100 katika kila meta ya ujazo, na gesi iingie ikiwa imepoa, yaani katika hali ileile inayoigandisha lami. Jenereta ya kikundi iliwaka na kufanya kazi, nguvu yake ikiwa pungufu kama inavyotarajiwa kwa gesi dhaifu, lakini tulipofungua valvu za kuingizia hewa tulikuta utando unaonata ambao hakuna mwenye injini angeufurahia. Kwa nikeli mpya na dolomaiti nzima pengine ingewezekana. Kwa vichocheo vinavyozimwa kila jioni sishauri.

Lipo dai jingine, ambalo nimelisikia kwa masikio yangu kwenye maonyesho, kwamba baadaye gesi hii itajazwa kwenye mitungi kama ya kupikia. Ili jambo hilo liwezekane ni lazima kwanza naitrojeni isiwemo, kisha kaboni monoksidi na haidrojeni ziunganishwe kuwa methani juu ya nikeli, mmenyuko ambao Mfaransa Paul Sabatier aliuchunguza na ambao ulikuwa sehemu ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Sweden walifanya hivyo kwa mbao mjini Gothenburg, katika mtambo wa GoBiGas wenye uwezo wa megawati 20 za gesi, na kiufundi walifaulu, lakini uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2018 kwa sababu gharama hazikulipa. Anayewaahidi wabanguaji wa Newala au Nachingwea mitungi kutoka kwenye pipa la kilowati 100 anauza matumaini.

Usalama nauweka mwisho si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa hapa ndipo nilipokasirika. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huua ndani ya banda lililofungwa, lakini mtambo ulikuja bila kengele ya kuitambua na fundi aliyeufunga hakuuliza hata kama banda lina madirisha. Letu sasa halina kuta pande mbili. Hatari ya pili haijulikani sana. Kaboni monoksidi ikikutana na nikeli iliyopoa chini ya nyuzi 200 huweza kuunda nikeli kabonili, mvuke wenye sumu kali kuliko kaboni monoksidi yenyewe, kwa hiyo gesi yote inapaswa kufukuzwa ndani ya chumba kwa mvuke wa boila wakati chumba bado kina joto kali, kisha valvu zifungwe kabla mvuke haujaanza kuiumua dolomaiti. Kitabu cha maelekezo hakina neno juu ya hilo. Wala hakisemi kwamba vumbi la nikeli husababisha saratani, na kwamba vidonge vilivyochoka havifai kumwagwa shambani au kuachwa watoto wavichezee.

Bei sitaiandika, kwa kuwa nimebaini kwamba hubadilika kulingana na anayeuliza, na vikundi vinavyonunua kupitia chama cha ushirika hupata unafuu ambao mnunuzi mmoja mmoja haupati. Nitakachosema ni kwamba kikapu cha nikeli ni sehemu kubwa ya bei hiyo, na kwa mtu anayetaka joto tu ni anasa yenye sumu. Aombe mtambo bila nikeli, apunguziwe bei, na fedha inayobaki inunue kengele ya kaboni monoksidi, vipimajoto viwili vya akiba na turubai. Kikundi chetu kimemwandikia muuzaji kwamba kwa msimu ujao kinataka chumba chenye mlango mpana wa kuongezea mkaa wa vifuu, maelekezo ya kuwasha na kuzima kwa Kiswahili yabandikwe ukutani, na kikapu cha nikeli akichukue. Amejibu kwamba mlango unawezekana, maelekezo yanatafsiriwa, na kuhusu kikapu atatupigia simu.